Mitalawanda ya Nyumba Kubwa

Wanaopita barabara ya kwenda Nyanza-Lac wakiuona ule ukuta uliosimama katikati ya michikichi huambiwa ni jengo la Wadachi, yaani Wajerumani. Si kweli. Mdachi aliukuta, na ni yeye aliyeuchoma. Mimi nilizaliwa nyuma ya ukuta ule, na waliojua yaliyotokea ndani yake wamekwisha wote isipokuwa mimi. Kwa hiyo ninaandika, na atakayesoma asinisahihishe.

Kitongoji chetu kilikuwa vibanda kumi na viwili na nyumba moja, mwendo wa asubuhi kutoka Rumonge, pale kijito kinapoingia ziwani. Nyumba hiyo tuliiita Nyumba Kubwa. Kuta zake zilikuwa za matofali mabichi, nene kama urefu wa mkono, zimepakwa chokaa iliyochomwa kwa makombe ya konokono wa ziwani. Ukiwa mtumbwini uliiona inameta kabla hujaona vibanda. Mlango wake ulitoka mrima, pwani kabisa, vipande viwili juu ya vichwa vya watu. Kipande kimoja alikibeba babu yangu mzaa baba. Cha pili walikibeba watu watatu, mmoja baada ya mwingine, maana wawili wa kwanza walifia njiani. Sisi wote wa kitongoji kile tulifika hivyo: ama tuliibeba nyumba, ama tulifungiwa ndani yake.

Maana kulikuwa na ghala. Lilikuwa nyuma ya ukumbi, chumba kisicho na dirisha, tundu moja tu juu la hewa, na pete ya chuma ukutani. Bwana mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu. Bibi yangu mzaa mama aliletwa kutoka ng'ambo, Manyema, akafungwa kwenye pete ile akingoja msafara wa Ujiji. Msafara ulipoondoka aliachwa kwa sababu alikuwa karibu kujifungua. Mama yangu akazaliwa uani. Hayo hatukusimuliwa kama hadithi. Tuliyajua kama mtu anavyojua choo cha kwao kiko wapi.

Bwana mwenyewe alisafiri kabla bendera ya Wadachi haijapandishwa Usumbura. Alimwambia mkewe atarudi mahindi yakikomaa. Mahindi yalikomaa mara nyingi. Mkewe, ambaye wote tulimwita Bibi Mkubwa, hakukaa eda, kwa sababu hakuna aliyemletea habari ya kifo, na mke wa mtu aliye hai hakai eda. Alihamia chumba kidogo cha uani, akaiacha nyumba kwa mwenyewe. Kila siku baada ya adhuhuri alijipaka wanja. Na kila siku mama yangu alifagia ukumbi, akajaza birika la kutawadhia, akaiweka mitalawanda ya bwana kizingitini, visigino ukutani, vidole mlangoni, tayari kwa sala ya alasiri.

Mitalawanda ni viatu vya mti. Hii ilikuwa ya mti mweusi, na msuruaki wake, kile kijiti cha kubana kwa vidole, ulikuwa wa pembe ya ndovu. Ikigonga sakafu, kitongoji kizima kilijua bwana ametoka chumbani. Kila alasiri alizunguka nyumba yake akijaribu makufuli. Mama alinieleza kwamba utotoni mwake sauti ile ikikaribia ghala, waliokuwa ndani waliacha hata kukohoa.

Basi ikaja malale, ugonjwa wa usingizi. Mdachi alisema inaletwa na mbung'o wa vichaka vya majini. Akajenga kambi Rumonge, na kila juma mtu wake alikuja na askari kutupanga mstari na kutupapasa shingo. Mwenye vivimbe nyuma ya shingo alipelekwa kambini kupigwa sindano. Baba yangu alikwenda kwa miguu yake, tena akicheka, akisema atakula bure. Sindano zilimrudisha akishikwa mkono. Macho yalikuwa wazi na hayaoni kitu. Hakumaliza mwezi.

Kwa hiyo mama alipoanza kusinzia juu ya kinu, nilijua. Aliungua mkono kwenye sufuria ya mawese na hakushtuka. Alitia chumvi mara mbili, nikamwambia, akanipiga, na mama yangu hakuwa mtu wa kupiga. Nilimpapasa shingo akiwa amelala. Vivimbe vilikuwa pale, vigumu, kama punje za maharagwe chini ya ngozi.

Nilimwambia twende kambini. Akasema, "Mama yangu alipangwa mstari uwanja huu huu. Mimi sipangwi. Nifiche."

Nikamuuliza nimfiche wapi. Mahali alipopachagua yeye ni ghala. Hakuna aliyeingia mle, hata panya hawakupapenda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili, nimeshaanza kujifunga kaniki kama mwanamke. Tukasema amevuka ng'ambo na mtumbwi wa samaki kwenda kwa ndugu zake. Bibi Mkubwa aliniuliza jambo moja tu: na kazi yake nani ataifanya. Nikasema mimi. Akanipa ufagio na ufunguo wa ukumbi.

Asubuhi mama alilala kama jiwe. Jua likianza kuelekea milima ya Kongo aliamka, na akiamka hakuweza kutulia. Ndivyo malale ilivyo, inaugeuza mwili. Siku ya tano nilikuwa kijitoni nikiosha vyombo, nikasikia ko, ko, ko kutoka Nyumba Kubwa. Nikaacha vyombo majini.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa uwanjani na hakuna aliyekanyaga baraza. Jirani yetu, mwanamke mnene mwenye kuku wengi na maneno mengi kuliko kuku, alikuwa ameshika kidevu.

"Bwana iko natembea," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wee mutoto, wewe ndiyo unafagia pale. Umemuona?"

Ningesema kweli siku ile, mambo yangekuwa mengine. Nikasema sijamwona, ila maji ya birika yanapungua.

Neno hilo moja lilitosha. Kesho yake barazani kulikuwa na ubani, bakuli la uji wa maziwa, mayai ya kuchemsha na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga. Wazee walijadiliana kama bwana amerudi mzima au amerudi maiti, wakashindwa kukubaliana, wakaona ni heri kumlisha vyovyote vile. Kila mmoja alikuwa na lake la kumwomba radhi. Jirani yetu alileta mayai kila siku ya pili kwa sababu zamani, alisema mwenyewe, aliwahi kumwibia bwana shanga. Mimi nilivikusanya nikifagia, nikavipeleka ghalani. Mama yangu alikula vizuri miezi ile kuliko maisha yake yote, na aliyekuwa anaombwa radhi ni yule yule aliyemfunga mama yake.

Hata mtu wa Mdachi tulimshinda. Alitaka kupekua nyumba, maana waliokimbia mstari walikuwa wengi. Askari wake alikuwa Mwislamu wa pwani, amefika mpaka ngazi ya baraza, ndani kukagonga. Jirani yetu akamwambia aingie tu, sisi tutamlinda kutoka nje. Askari akashuka ngazi taratibu.

"Mimi nimepewa shingo za walio hai," alisema.

Watu walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao.

Lakini kulikuwa na Bibi Mkubwa. Yeye hakuleta ubani. Alileta kigoda, akakaa nje ya mlango wa ukumbi kila alasiri, wanja umekolea, akazungumza na mlango. Alimpa mumewe habari za miaka yote. Nani alikufa, nani aliolewa, mchikichi upi ulianguka, bendera ya nani inapepea. Hakumlaumu. Alisema tu kwamba angependa kumwona, ila akiwa hataki kuonekana bado, yeye atangoja, amekwisha kuzoea. Nami nilifagia pembeni yake nikijua kwamba ng'ambo ya ubao ule ni mama yangu anatembea na udenda mdomoni. Sijapata kuona haya namna hiyo tena.

Siku moja nilimkemea mama. Nikamwambia akitembea atembee bila viatu, atatuponza. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, lakini siku hiyo alisema wazi.

"Nikivaa mimi, yeye hana cha kuvaa."

Nikauliza nani.

"Usijifanye hujui. Kila alasiri anakuja kujaribu kufuli. Viatu vikiwa miguuni mwangu haji."

Nilidhani ni ugonjwa unaosema. Wengi wa malale huona watu. Nikaenda zangu.

Siku chache baadaye nilimpelekea uji, jua bado kali nje. Mama alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi. Nikainama kumwamsha. Nikasikia ko, ko, ko ukumbini.

Niliitazama miguu ya mama. Ilikuwa mitupu, na mitalawanda haikuwapo mkekani. Zile hatua hazikuwa na haraka. Zilizunguka ukumbi, zikapita chumba cha kwanza, zikapita cha pili, na kwenye kila mlango zilisimama kidogo, nikasikia chuma kinatikiswa. Zikafika ghalani. Mlango wa ghala ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, maana kufuli lake lilikuwa limeliwa na kutu. Hata hivyo nilisikia kufuli likitikiswa. Mama hakuamka, ila aliacha kukoroma. Na mimi nilikuwa nimeacha kupumua, kama walivyofanya wale wa zamani, bila mtu kunifundisha.

Kisha zikarudi. Nilipotoka, mitalawanda ilikuwa kizingitini, lakini vidole vilielekea ndani.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wote walikuwa wameshaamini. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijaamini.

Kisha ikaja amri. Ufuko wote uhame, watu wapande milimani kwa Warundi, vichaka vifyekwe, vibanda vichomwe moto ili mtu asirudi. Tulipewa mpaka Ijumaa. Mama kwa wakati huo hakuweza kuinuka asubuhi, wala sikuweza kumbeba. Nilimwomba, nikalia, nikamvuta mikono. Alisema atakwenda kesho. Ijumaa ikafika.

Vibanda vilipoanza kuwaka nilikwenda kwa jirani yetu, nikamwambia ndani ya Nyumba Kubwa yumo mama yangu. Alinitazama kwa huruma. Akawaita wenzake, akawaambia mutoto ameingiliwa, ndiyo matokeo ya kufagia mahali pa wafu. Wakanikalisha, wakanifunika kaniki, wakanifukiza ubani, na mzee mmoja akanisomea. Kila niliposema ni mama, waliongeza ubani. Uongo wangu niliujenga vizuri hivyo.

Nilichopoka, nikakimbilia barazani. Bibi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo umeegemea mlango, na askari yule yule amesimama mbele yake na mwenge, hajui la kufanya. Bibi alikuwa ameshamwambia kwamba mume wake yumo ndani.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Bibi, ni mama yangu."

"Najua," alisema.

Nikainua uso kumtazama.

"Anayeburuta mguu wa kushoto ni mama yako. Nilijua tangu juma la kwanza. Unadhani ule uji wa maziwa ulitoka kwa nani, kwa yule wa mayai?" Akanyoosha mkono nimwinue. "Lakini yuko mwingine, haburuti. Huyo simkosei."

Tukaingia wawili. Mama alikuwa amekaa ghalani, chini ya pete, mitalawanda miguuni, kama mtu anayengoja msafara. Bibi Mkubwa alimwambia ainuke, moto unakuja. Kisha akaomba viatu. Aliomba, hakuamuru. Alisema mumewe amebakiza hivyo tu.

Mama akakunja vidole juu ya msuruaki. "Nikiviacha atanifuata," alisema. Ilibidi mimi niyarudie, maana ulimi wake mtu mwingine asingeuelewa.

Bibi Mkubwa alisogea ukutani. Aliitazama pete ile, akaigusa kwa kidole, kidole kikatoka na kutu. Alikuwa mwanamke mrefu, na ndani ya chumba kile alionekana hajui pa kuweka kichwa.

"Mama yako aliomba maji siku mbili," alisema. "Mimi nilikuwa pale ukumbini nasuka ukili. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu. Nilisikia." Akamshika mama mkono wa kulia. "Nenda navyo."

Basi tulitoka. Mama alitembea katikati yetu, na mitalawanda ikagonga ukumbi, ikagonga kizingiti, ikagonga mawe ya baraza, mchana mweupe, mbele ya watu wote waliojitwika mizigo yao. Wengine walikimbia kabla hawajaona. Waliobaki wakaona ni mwanamke wa kinu, mwembamba, udenda kidevuni. Jirani yetu alikuwa na tenga la kuku kichwani. Alimwangalia mama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Mama wee," alisema. "Mayai yangu yote."

Mtu mmoja akacheka, halafu hakuna aliyecheka tena. Jirani akatua tenga lake, akavua nguo ya juu, akamfuta mama mdomo.

Bibi Mkubwa ndiye aliyemwambia askari achome. Paa lilikuwa la nyasi kavu, halikuchukua muda. Tulisimama tukisikiliza, yeye na mimi, na najua alichokuwa anakisikiliza. Hakukuwa na sauti ila ya moto. Alipoona mlango umeshika, ule mlango wa babu yangu, alichukua pindo la nguo akafuta wanja, jicho moja, halafu la pili. Huko mlimani alivaa nyeupe, akakaa eda, miezi minne na siku kumi, bila kupunguza hata siku moja. Warundi waliokuwa wanakuja kumwamkia kwa amahoro, yaani amani, walidhani amefiwa juzi.

Mama yangu alipelekwa kambini Rumonge siku ile ile. Alikataa kuvua mitalawanda, na mtu wa sindano akamwacha nayo. Nililala nje ya uzio pamoja na wenye wagonjwa wengine. Alipigwa sindano nyingi. Macho hayakupofuka, lakini hayakuwa na muda wa kupofuka. Alikufa juma la saba, asubuhi, wakati wake wa kulala, kwa hiyo hatukujua mapema.

Mganga wa Mdachi alisema kwa kinywa cha mkalimani kwamba angeletwa miezi mitano kabla, pengine angepona. Pengine. Mwanamke mmoja wa Kabonga aliletwa mapema, mstari ule ule aliokuwa apangwe mama, akapona na kuzaa watoto watano. Nilikuwa namwona sokoni mpaka uzee wake. Alikuwa mtu mwema, na sikuwahi kununua kitu kwake. Mama alisema nifiche, nami nilimficha vizuri mno. Sijapata mtu wa kuniambia kama nilimwokoa na jambo au nilimnyima.

Walinikabidhi mitalawanda ikiwa imefungwa kwenye jani la mgomba.

Wadachi walipoondoka na watu wakaruhusiwa kurudi ziwani, nilikwenda kuuona ule ukuta. Nilikuwa mke wa mtu, na mtoto mgongoni. Michikichi ilikuwa imeota ukumbini. Pete ilikuwa bado ghalani. Ilikuwa alasiri, hakuna upepo, na nilisikia mtu akitembea nyuma ya ukuta bila viatu. Hatua zenyewe zilikuwa laini, za mtu anayechagua pa kukanyaga. Zilifika pale kizingiti kilipokuwa, zikasimama. Zikarudi. Zikafika tena pale pale. Niliwaza juu ya mtu aliyezoea kuvaa, anapapasa kwa mguu mahali ambapo viatu vyake vilikuwa vikiwekwa, havipo. Mtoto mgongoni akaacha kulia. Nikaondoka, sikukimbia.

Tangu siku hiyo, jua likielekea Kongo, mimi huivaa mitalawanda ile. Nazunguka uwanja wangu hapa Rumonge mpaka adhana ya alasiri, halafu naivua na kuifunga kwenye sanduku. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi anagonga saruji kama fundi. Daktari amesema magoti yangu hayataki. Najua magoti yangu yanataka nini.

Msinizike nayo. Mjukuu wangu wa kike wa pili ana mguu unaolingana na wangu, na nimeshamwonyesha namna ya kuubana msuruaki. Analalamika kwamba unaumiza kati ya vidole. Nimemwambia utazoea.